Moodle na Matokeo Yasiyotarajiwa: Tathmini ya Mkufunzi wa Kigoma Baada ya Mihula Miwili

Tathmini hii inahusu sehemu ya majaribio katika Moodle, mfumo wa kusimamia masomo mtandaoni ambao chuo chetu cha ualimu hapa Kigoma kimeutumia kwa mihula miwili sasa. Sitaueleza mfumo mzima. Nitaeleza jambo moja lililoninyima usingizi, na ambalo naamini litamkuta kila mkufunzi anayeanza, yaani matokeo yanayotoka tofauti kabisa na jinsi wanafunzi walivyojibu, na namna ya kutafuta chanzo chake. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Mfumo huu unafaa kutumika, kwa sababu hautupi chochote alichofanya mwanafunzi, na mtu mwenye subira anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akalikuta kosa. Hata hivyo mipangilio yake ni mingi, mingine imejificha ndani ya mingine, na mkufunzi asiyeifahamu anaweza kumfelisha mtu aliyefaulu na asijue kwamba amefanya hivyo.

Kwa wasioufahamu, Moodle ulianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Ni programu huria, hailipiwi leseni, na chuo chenye seva yake au seva ya kukodi kinaweza kuisimika bila kuomba ruhusa ya mtu. Gharama yake ni seva, umeme, bando, na mtu wa TEHAMA anayejua anachofanya. Sisi tulibahatika kumpata kijana mmoja mwenye moyo wa kufundisha, na sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa nilijifunza nikiwa nimeketi pembeni yake.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la Jiografia, maswali 20 ya kuchagua kuhusu Ziwa Tanganyika na bonde lake, kwa darasa la watu 46. Mshtuko wa kwanza ulikuja dakika chache tu baada ya mwanafunzi wa kwanza kumaliza. Alikuwa amepata maswali 14, lakini skrini ilimwonyesha 7.00. Hapa hapakuwa na kosa lolote la hesabu. Moodle unatofautisha jumla ya alama za maswali na alama ya juu ya jaribio, na alama hiyo ya juu huja ikiwa imewekwa 10 mpaka mkufunzi aibadilishe. Kwa hiyo 14 kati ya 20 inageuzwa kuwa 7 kati ya 10. Ukiandika 20 kwenye kisanduku kilicho juu ya ukurasa wa kupanga maswali, tatizo linakwisha papo hapo. Mimi niliamua kuiacha 10, kwa kuwa ndiyo alama tunayoitumia katika maendeleo ya kila wiki, nikawaeleza wanafunzi.

Mshtuko wa pili haukuwa mwepesi hivyo. Siku iliyofuata, majira ya saa nane mchana, alinijia mwanafunzi mmoja anayetoka Ujiji, mama wa watoto wawili, mtu ambaye katika kipindi hukaa mbele na kuuliza maswali ya maana. Alinyoosha simu yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, kuna nini?"

"Mwalimu, naomba unisomee hii. Imeandika tatu nukta tano. Mimi nimesoma, mwalimu, na maswali nilikuwa nayajua."

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa kumwambia akasome zaidi, kwa sababu niliamini kuwa kompyuta haikosei kujumlisha. Ni kweli haikuwa imekosea kujumlisha. Lakini yeye hakuondoka, na msimamo wake ule ndio uliotuokoa sote. Nilifungua kompyuta mpakato, nikaingia kwenye ripoti ya matokeo ya jaribio, nikabofya alama yake, na mfumo ukanionyesha karatasi yake nzima kama alivyoiona yeye, swali kwa swali.

Swali la sita nililiandika hivi katika faili langu: mito ipi huingiza maji katika Ziwa Tanganyika? Chaguo A lilikuwa Malagarasi, B lilikuwa Lukuga, C lilikuwa Ruzizi, na D lilikuwa "A na C". Jibu sahihi ni D, kwa kuwa Malagarasi na Ruzizi huingia ziwani, na Lukuga ndio unaotoka kuelekea Mto Kongo. Ndivyo tunavyoandika maswali katika karatasi tangu tulipokuwa wanafunzi wenyewe. Lakini kwenye skrini ya mama huyu chaguo la kwanza lilikuwa Lukuga, la pili lilikuwa "A na C", la tatu Malagarasi na la nne Ruzizi. Mfumo ulikuwa umechanganya mpangilio wa machaguo ili wanafunzi wasiigilizane, kama ulivyoagizwa, na kila mmoja alipewa mpangilio wake. Kwa mpangilio aliopewa yeye, "A na C" ilimaanisha Lukuga na Malagarasi, jibu ambalo ni kosa kwa mtu yeyote aliyesoma. Aliyajua maji yanakoingia na yanakotokea, akaikataa "A na C", akachagua Malagarasi, akapewa sifuri. Maswali sita kati ya 20 yalikuwa na ugonjwa huohuo.

Uchanganyaji wa machaguo unadhibitiwa mahali pawili. Upo katika mipangilio ya jaribio zima, na upo tena ndani ya kila swali. Machaguo huchanganywa pale tu panapokuwa pamewashwa pande zote mbili, kwa hiyo ukizima upande mmoja unatosha. Kwetu sisi pande zote zilikuwa zimewashwa tangu mwanzo. Dawa ya kudumu, hata hivyo, si kuzima, kwa sababu uchanganyaji ni jambo jema katika darasa ambalo watu hukaa begani kwa bega. Dawa ni kuacha kuandika "A na C" au "yote hapo juu", na badala yake kuandika jibu lenyewe kwa maneno, "Malagarasi na Ruzizi".

Kulirekebisha swali baada ya watu kuwa wamekwisha kulijibu ni kazi yenye masharti, na hapa Moodle unahitaji kusomwa kwa makini. Kulihariri swali peke yake hakubadilishi alama ya mtu yeyote. Tangu toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2022, kila unapohariri swali mfumo unatengeneza nakala mpya na kuitunza ile ya zamani, nami naupongeza utaratibu huo, kwa kuwa ushahidi haupotei. Alama hubadilika pale tu unapoenda kwenye ripoti ya matokeo na kuagiza usahihishaji upya. Kipo pia kitufe cha kusahihisha upya kwa kujaribia tu, ambacho hukuonyesha ni nani atapanda na nani atashuka kabla hujagusa kitu. Kitumie kila mara. Sharti jingine ni kwamba usiongeze wala kupunguza idadi ya machaguo katika swali ambalo limekwisha kujibiwa, kwa sababu mfumo utashindwa kuyalinganisha majibu ya zamani na swali jipya. Unachoweza kubadilisha ni uzito wa kila chaguo. Mimi nilitoa asilimia 100 kwa Malagarasi, kwa Ruzizi na kwa "A na C", nikaacha Lukuga peke yake na sifuri, kwa kuwa niliona si haki kumwadhibu mtu kwa swali ambalo mimi ndiye niliyelivuruga. Nikafanya hivyo katika maswali yote sita, kisha nikasahihisha upya. Alama ya yule mama ikapanda kutoka 3.5 hadi 6.5.

Nilidhani mambo yamekwisha. Jioni ileile akanitumia picha ya skrini. Katika ukurasa wa jaribio ilisomeka 6.50, lakini katika daftari la alama la somo, yaani ukurasa unaokusanya alama za majaribio yote, ilisomeka 5.00. Hili ndilo tatizo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, na chanzo chake kilikuwa mkono wangu mwenyewe. Mchana ule, kabla sijajua habari za kusahihisha upya, nilikuwa nimeingia kwenye daftari la alama nikamwandikia 5 kama alama ya muda, ili asiende nyumbani na simanzi. Moodle huichukulia alama iliyoandikwa kwa mkono katika daftari kuwa ndiyo kauli ya mwisho ya mkufunzi. Tangu hapo hata jaribio lisahihishwe upya mara kumi, alama ile haitasogea. Kisanduku chake hubadilika rangi kidogo, lakini asiyejua maana ya rangi hiyo hawezi kushtuka. Ili kuifungua, unaingia katika kuhariri alama ya mwanafunzi huyo mmoja, unaondoa tiki ya kuipindua alama, unahifadhi, na daftari linarudi kusoma kutoka kwenye jaribio. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa waundaji wa mfumo walitilie mkazo, ni hili. Mkufunzi anapoandika alama kwa mkono, atokee mtu wa kumwambia kwa maandishi makubwa kwamba amekata kamba kati ya jaribio na daftari. Mpaka siku hiyo ifike, usiandike alama kwa mkono katika daftari. Kama swali linahitaji alama ya huruma, ingia ndani ya jaribio lenyewe, kwenye swali husika, ukaitoe huko pamoja na maelezo, kwani huko inahesabika kwa utaratibu na mwanafunzi anaiona sababu.

Maswali ya kuchagua majibu zaidi ya moja yana mtego wake, nao huwapandisha watu badala ya kuwashusha, na ndiyo maana hauletewi malalamiko. Niliuliza nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika, nikaweka Tanzania, Burundi, Kongo, Zambia, Rwanda na Malawi. Kila nchi sahihi niliipa asilimia 25, na zile mbili zisizohusika nikazipa sifuri. Wanafunzi wanne walitia tiki kwenye nchi zote sita na wakapata alama kamili, kwa kuwa hakuna kilichowapunguzia. Ukizipa Rwanda na Malawi hasi 50 kila moja, anayetia tiki kila mahali anapata sifuri, na aliyekosea moja anapunguziwa kwa kadiri. Alama ya swali la namna hii haishuki chini ya sifuri, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kudaiwa alama za maswali mengine.

Nihamie kwenye maswali ya jibu fupi, ambayo nayapenda kwa sababu hayampi mwanafunzi nafasi ya kubahatisha, na ambayo kwa lugha yetu yana jambo ambalo sijaliona likielezwa kokote. Mwenzangu anayefundisha Kiswahili alitoa swali la kutaja kitenzi chenye maana ya kutoa mmea ardhini pamoja na mizizi yake. Jibu ni ng'oa. Darasa zima lilipata sifuri, na katika karatasi ya kila mwanafunzi mfumo uliandika kwamba jibu lake ng'oa ni kosa, na kwamba jibu sahihi ni ng’oa. Alinikuta ofisini akiwa amekasirika kweli, akisema mashine inatudhihaki. Tuliyatazama maneno yale mawili kwa muda mrefu bila kuona tofauti, mpaka kijana wetu wa TEHAMA alipoyakuza kwenye skrini. Mwenzangu alikuwa ameandika maswali yake kwenye Word kisha akayanakili, na Word huigeuza ile alama ndogo iliyo kati ya ng na oa kuwa alama iliyopinda. Wanafunzi waliandika kwa simu zao, ambazo kwa wengi wao hutoa alama iliyonyooka. Kwa jicho la msomaji ni neno moja, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na jibu fupi hulinganishwa herufi kwa herufi.

Lugha yenye ng'ombe, ng'ambo, ng'ara na king'ora haiwezi kulipuuza jambo hili. Zipo njia mbili za kulitatua. Ya kwanza ni kuorodhesha majibu yote mawili yanayokubalika, lenye alama iliyonyooka na lenye alama iliyopinda, kila moja kwa asilimia 100. Ya pili ni kutumia kinyota, ambacho katika Moodle husimama mahali pa herufi zozote, hata pasipokuwa na herufi, ukaandika ng*oa. Njia hii ya pili ni fupi lakini ina ulegevu, kwa sababu hata anayeandika ngoa bila alama yoyote atapita, na mwalimu wa Kiswahili ana haki ya kulikataa hilo. Mwenzangu alichagua ya kwanza. Jambo la kuangalia ni mpangilio wa majibu hayo, kwa kuwa mfumo huyapitia kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye la kwanza linalolingana. Baadhi ya watu huweka kinyota peke yake mwishoni ili kukamata majibu yote yaliyobaki na kuyapa maoni. Kikiwekwa juu kwa bahati mbaya, hukamata kila jibu, na hakuna atakayepata kitu. Aidha, ipo sehemu ya kuamua kama herufi kubwa na ndogo zihesabiwe tofauti. Simu nyingi huanza sentensi kwa herufi kubwa zenyewe, kwa hiyo sehemu hiyo ni bora izimwe isipokuwa pale unapopima matumizi ya herufi kubwa.

Maswali ya namba hayakunisumbua sana, ila nitaje moja. Niliuliza kina kirefu zaidi cha Ziwa Tanganyika kwa mita, nikaweka 1470, na sehemu ya kiasi cha kosa kinachoruhusiwa nikaiacha sifuri kama nilivyoikuta. Vitabu vingine huandika 1,471, na walioisoma namba hiyo wakakosa. Niliweka kiasi cha 5, nikasahihisha upya, wakapata. Waambie pia wanafunzi waandike tarakimu tupu, bila koma ya maelfu na bila neno "mita", kwani vyote viwili vinaweza kumharibia mtu jibu lililo sahihi.

Sasa nizungumzie muda na mtandao, kwa sababu hapa kwetu hayo ndiyo yanayoamua. Muhula wa pili nilitoa jaribio la dakika 40 usiku wa saa mbili, ili wenye kazi za mchana wapate nafasi. Katikati ya jaribio umeme ulikatika katika mitaa kadhaa, na baadhi ya wanafunzi waliokuwa wakitumia kompyuta walipotea hewani. Asubuhi nilikuta watu saba hawana alama kabisa, si sifuri, bali mstari mtupu, na mbele ya majina yao yameandikwa maneno yenye maana kwamba jaribio halikuwasilishwa. Wao waliapa kwamba walikuwa wamejibu zaidi ya nusu.

Nao walisema kweli. Moodle huyahifadhi majibu wenyewe kadiri mwanafunzi anavyoendelea, na kwa mpangilio wa kawaida hufanya hivyo kila baada ya dakika moja hivi, kwa hiyo umeme ukikatika kinachopotea ni kidogo. Kilichowaponza ni uchaguzi wangu kuhusu kinachotokea muda unapokwisha. Yapo machaguo matatu. La kwanza ni mfumo kuwasilisha wenyewe chochote kilichojibiwa. La pili ni kumpa mwanafunzi muda wa nyongeza wa kuwasilisha tu, bila kujibu zaidi. La tatu ni kwamba asiyewasilisha kabla ya muda kwisha hahesabiwi. Nilikuwa nimechagua la tatu nikiamini kwamba linafundisha nidhamu ya muda. Katika mji ambao umeme na mtandao haviko mikononi mwa mwanafunzi, chaguo hilo halipimi nidhamu yake hata kidogo, nami nililiacha siku ileile. Majibu ya wale saba yalikuwa yamehifadhiwa yote. Matoleo mapya yana kitufe cha kuifungua tena zamu ya namna hiyo, yaani mara moja ya mwanafunzi kulifanya jaribio, na kila mmoja akapata kuwasilisha alichokuwa amekifanya.

Hata chaguo la kwanza linahitaji mtu wa TEHAMA awe macho. Kazi ya kuwasilisha kwa niaba ya waliopotea hewani hufanywa na ratiba inayozunguka chinichini katika seva, na waundaji wa Moodle wanashauri ratiba hiyo izunguke kila dakika moja. Kwenye seva yetu ya kukodi ilikuwa imesimama kwa siku kadhaa bila mtu kujua, na majaribio yaliyopitwa na muda yalibaki yakisomeka kuwa bado yanaendelea. Ukiona hali hiyo saa nyingi baada ya jaribio kufungwa, usimlaumu mwanafunzi, mpigie simu anayeshika seva.

Yapo mengine madogo ambayo nayataja kwa upesi. Mwanafunzi anayepata 0.67 katika swali la alama moja la kuchagua jibu moja huenda amewekewa hali ya kujibu na kurudia, ambamo kila jibu la kwanza lililokosewa humkata theluthi ya alama, hata akilipata mara ya pili. Mwanafunzi aliyefanya mara tatu na kuonyeshwa alama asiyoitarajia huenda anahukumiwa kwa zamu ya kwanza, au ya mwisho, au kwa wastani, kwa sababu mkufunzi ndiye anayechagua, na kama hakuchagua mfumo huchukua iliyo juu zaidi. Jaribio lenye swali hata moja la insha halitoi jumla mpaka mtu aisome insha hiyo na kuitia alama.

Lakini katika daftari la alama lipo jambo moja ambalo si dogo. Kwa kawaida mfumo hauhesabu visanduku vitupu katika kutafuta matokeo ya somo. Mwanafunzi aliyefanya jaribio moja kati ya matatu akapata 9 kati ya 10 husomeka kuwa na asilimia 90, na humpita mwenzake aliyefanya yote matatu kwa bidii na kupata wastani wa 75. Katikati ya muhula utaratibu huu una mantiki, kwa kuwa majaribio mengine bado hayajafika. Mwisho wa muhula ni dhuluma kwa wanaohudhuria. Kabla ya kutoa matokeo ya mwisho, ondoa tiki ya kuacha alama tupu, au waandikie sifuri wasiofanya bila sababu.

Kitu ninachokisifu kuliko vyote, na ambacho wakufunzi wenzangu wengi hawajawahi kukifungua, ni ripoti ya takwimu za maswali. Baada ya wanafunzi wa kutosha kufanya jaribio, ripoti hiyo hukuonyesha kwa kila swali ni asilimia ngapi ya alama zake zilizopatikana, na kama swali hilo linawatenganisha wanaojua na wasiojua. Inakuonyesha pia kiasi ambacho mtu angekipata kwa kubahatisha tu, ambacho kwa swali la machaguo manne ni asilimia 25. Swali ambalo wengi wamelikosa laweza kuwa gumu tu. Lakini swali ambalo wanaofanya vizuri katika jaribio zima wanalikosa, na wanaofanya vibaya wanalipata, hupewa namba hasi katika safu ya utenganishaji, na namba hiyo hasi karibu kila mara ina maana kwamba ufunguo wa majibu una kosa. Nililikuta moja la namna hiyo katika jaribio langu la tatu. Niliuliza ziwa lenye kina kirefu zaidi Afrika, na katika kuandaa faili usiku nikiwa nimechoka, nikaweka tiki kwenye Viktoria badala ya Tanganyika. Wanafunzi wa Kigoma, ambao ziwa hilo wanaliona kila asubuhi, wakakoseshwa swali la ziwa lao. Hakuna aliyelalamika, labda kwa kudhani kwamba mwalimu anajua zaidi. Ripoti ndiyo iliyolalamika kwa niaba yao.

Kuhusu nani anafaa kuutumia mfumo huu, maoni yangu ni kwamba chuo chenye mtu mmoja wa TEHAMA anayepatikana kwa simu na wakufunzi walio tayari kuketi siku mbili wakijifunza mipangilio, kisisite. Shule isiyo na mtu wa namna hiyo itateseka, na bora iendelee na karatasi mpaka impate. Kwa simu za kawaida mfumo unafunguka vizuri katika kivinjari, na bando linalotumika kwa jaribio la maswali ya maandishi peke yake ni dogo, ila ukiweka picha kubwa za ramani utasikia malalamiko kutoka vijijini. Naupa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya ile alama ya mkono katika daftari, pamoja na lugha ya mipangilio ambayo inadhani kila anayeisoma ni fundi wa kompyuta.

Siku hizi kabla ya jaribio naingia kwa akaunti ya mwanafunzi niliyoombewa kwa ajili ya kazi hiyo, nalifanya jaribio lote kwa simu yangu, mara moja nikijibu sahihi kila swali na mara ya pili nikikosea kwa makusudi, kisha natazama kama namba zinazotoka ni zile ninazozitarajia. Pia nimezima alama zisionekane mara tu mtu anapomaliza. Mfumo hukuruhusu kuchagua zionekane wakati gani, nami nimechagua baada ya jaribio kufungwa. Jaribio la wiki ijayo litafunguliwa Alhamisi na kufungwa Jumapili saa sita usiku. Jumatatu alfajiri nitaficha matokeo kwa muda, nitasoma ripoti ya takwimu swali kwa swali, nitasahihisha upya panapohitajika, na saa nne asubuhi, yule mama wa Ujiji na wenzake 45 watakapokuwa wameingia darasani, ndipo nitakapoyafungua.